Ini la Panya wa Melbourne, Ini la Mtoto wa Ukerewe

Barua ya wazi kwa Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, Bujumbura

Waheshimiwa viongozi wa Kamisheni,

Ninawaandikia juu ya chanjo ya malaria ambayo bado haijachomwa katika mkono wa mtoto yeyote, na ndiyo maana naandika leo. Mazoea yetu katika ukanda huu ni kuisikia chanjo siku watafiti wanapofika kijijini kutafuta watu wa kujitolea. Siku hiyo mambo yote ya msingi huwa yamekwisha kuamuliwa kwingine: kipande gani cha kimelea kitumike, kichanganywe na nini, kijaribiwe kwa panya wa nasaba ipi. Sisi hubakiziwa kazi ya kutoa mikono ya watoto na kuhesabu homa.

Chanjo ninayoisema inabuniwa New Zealand na Australia. Wanakemia wa Taasisi ya Ferrier iliyo katika Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, akiwemo Gavin Painter, wanashirikiana na wataalamu wa kinga wa Taasisi ya Malaghan, akiwemo Ian Hermans, na wenzao wa Taasisi ya Peter Doherty mjini Melbourne, akina William Heath na Lauren Holz. Wanachukua peptidi, yaani kipande kifupi sana cha protini ya kimelea cha malaria, na kukifunga kwa kiungo cha kemikali kwenye lipidi, aina ya mafuta yenye sukari kichwani. Mkusanyiko huo mdogo umekusudiwa kulifundisha ini kumuua kimelea kabla hajaingia kwenye damu.

Niruhusuni nieleze kwa nini ini. Mbu jike wa Anopheles akiuma, humwaga chini ya ngozi vimelea vichache, aghalabu makumi kadhaa tu. Vile vinavyofanikiwa huingia kwenye mishipa ya damu na kufika kwenye ini, ambako kila kimoja hujificha ndani ya seli. Kwa kimelea cha Plasmodium falciparum, anayetuua sisi, maficho hayo huchukua takriban wiki moja. Mgonjwa hana homa wala dalili yoyote. Kisha kila seli iliyoingiliwa hupasuka na kumwaga maelfu kwa maelfu ya vimelea vipya kwenye damu, na hapo ndipo malaria tunayoijua huanza.

Chanjo mbili tulizo nazo, RTS,S iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021 na R21 iliyopendekezwa Oktoba 2023, hutegemea zaidi kingamwili, zile protini za kwenye damu zinazomnasa kimelea akiwa njiani kutoka kwenye ngozi hadi kwenye ini. Safari hiyo ni fupi. Akiponyoka mmoja na kuingia ndani ya seli ya ini, kingamwili haiwezi kumfuata. Sizidharau chanjo hizi. Zilijaribiwa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya, Kenya ilianza kuitoa RTS,S Homa Bay mwaka 2019, na mzazi yeyote anayepewa nafasi asiiache. Lakini jaribio kubwa la RTS,S lilipohitimishwa, watoto waliopata dozi nne kuanzia umri wa miezi mitano hadi 17 walipungukiwa na vipindi vya malaria kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Asilimia zilizosalia tunazo bado wodini.

Ndani ya seli ya ini, anayeweza kumfikia kimelea ni askari mwingine: seli T za kuua. Hizi husoma vipande vya protini ambavyo seli yenyewe huvitoa nje na kuviweka juu ya ngozi yake. Zikiona kipande cha kigeni, huiua seli hiyo pamoja na kilichomo. Mwaka 2016 kundi la Melbourne lilionyesha kwamba katika panya, zinazofanya kazi hiyo vizuri zaidi ni seli T zilizohamia kwenye ini na kukaa humo moja kwa moja, zikizunguka katika vijishipa vyake bila kurudi kwenye damu ya kawaida. Tofauti yake na seli T za damu ni kama ya mlinzi anayelala ndani ya ua na polisi anayepita barabarani mara moja kwa usiku: mwizi wa malaria ana wiki moja tu, na ini ni kubwa.

Tatizo likawa namna ya kuzifanya seli hizo zihamie huko na zikae. Jibu lilianzia baharini. Miaka ya mwanzo ya 1990, watafiti wa kampuni ya bia ya Kirin ya Japani walikuwa wakitafuta dawa za saratani katika sifongo zilizochukuliwa bahari ya Okinawa, wakapata mafuta yenye sukari ambayo baada ya kurekebishwa maabara yalikuja kuitwa alfa-galaktosilseramidi. Baadaye ikagundulika kwamba mafuta hayo huamsha seli ziitwazo NKT, ambazo hazisomi protini hata kidogo. Husoma mafuta. Seli inayokusanya vitu vya kigeni mwilini, iitwayo seli ya dendriti, huyaweka mafuta hayo juu ya kibebeo kiitwacho CD1d; seli ya NKT huyatambua, hupandwa na hasira, na kuisukuma ile seli ya dendriti iwafundishe askari wengine kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo ufundi wa kufunga unapoingia. Ukichanganya peptidi na mafuta ndani ya bomba moja bila kuviunganisha, seli moja inaweza kumeza peptidi na nyingine ikameza mafuta, somo likapotea. Ukivifunga pamoja, seli itakayomeza kimoja imemeza na cha pili. Kiungo chenyewe kimebuniwa kikatwe na vimeng'enya ndani ya seli hiyo, kisha kila nusu iende mahali pake: mafuta kwenye CD1d, peptidi kwenye kibebeo cha protini. Mwaka 2020 kundi hilo lilichapisha matokeo kwamba panya waliochanjwa hivyo walijenga jeshi la seli T ndani ya ini na wakakingwa dhidi ya Plasmodium berghei, malaria ya panya. Ninakiri kwamba sijasoma kemia iliyonipendeza zaidi ya hii kwa muda mrefu.

Mwaka 2023 wakaongeza jingine. Walitengeneza chanjo ya mRNA, jamaa ya zile za UVIKO-19, wakaona kwamba ya kawaida haikuzalisha seli za ini wala haikukinga. Walipoitia mafuta ya kuamsha NKT, ikakinga. Halafu wakafanya jaribio ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: wakachukua panya waliokwisha kuugua malaria ya damu. Kwa panya hao, chanjo ya mtindo wa zamani ya vimelea vilivyodhoofishwa ilipoteza makali. Ile ya mRNA na mafuta haikutetereka.

Bagamoyo wanaujua ukweli huo bila kuambiwa na panya. Chanjo ya vimelea vilivyodhoofishwa kwa mionzi, ya kampuni ya Sanaria ya Marekani, ilipojaribiwa pale kwa watu wazima wa Kitanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kinga hafifu kuliko ile iliyopatikana kwa Wamarekani waliopewa dozi ileile. Mwili uliokua na malaria huipokea chanjo tofauti na mwili usiowahi kuiona. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye jambo langu lenyewe, tunalo ombi la kwanza: chanjo yoyote ya ini inayotaka kuja kwetu ipimwe mapema kwa miili inayoijua malaria.

Sasa jambo lenyewe. Panya waliotumika Melbourne ni wa nasaba moja, waliozalishwa kwa ndoa za ndugu vizazi na vizazi hadi kila mmoja akawa kama nakala ya mwenzake. Peptidi iliyotumika, kipande cha asidi amino nane kutoka protini ya kimelea iitwayo RPL6, ilichaguliwa kwa sababu inakaa vizuri juu ya kibebeo cha panya hao. Binadamu hatuko hivyo. Vibebeo vyetu vya protini, vinavyoitwa HLA, vina maelfu ya aina, na kila mtu hurithi mchanganyiko wake kutoka kwa baba na mama. Peptidi inayokaa sawasawa juu ya HLA yangu inaweza isishike kabisa juu ya yako. Isiposhika, haionekani, na seli T hazitafundishwa chochote, hata mafuta yawe mazuri vipi.

Nusu ya mafuta haina shida hiyo. Kibebeo cha CD1d kinakaribia kufanana kwa watu wote duniani. Yaani katika chanjo hii, mafuta ni ya kila mtu, lakini peptidi ina wenyewe. Na wenyewe hao, kwa miaka mingi ya utafiti, wamekuwa Wazungu. Aina ya HLA iliyochunguzwa kuliko nyingine zote, HLA-A*02:01, ni ile iliyo tele Ulaya. Afrika ndiko HLA zilikotawanyika kwa aina nyingi kuliko kokote, na ndiko zilikopimwa kidogo. Programu za kompyuta zinazotabiri peptidi gani itashika wapi hujifunza kutokana na takwimu zilizopo. Pale ambapo hatumo, hubahatisha.

Na hatuwezi kusema hatukuonywa. Mwaka 1991 Adrian Hill na wenzake walichapisha utafiti wa Gambia ulioonyesha kwamba watoto wenye HLA-B53, aina iliyo ya kawaida Afrika Magharibi na adimu Ulaya, walikuwa na kinga zaidi dhidi ya malaria kali. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba B53 hubeba kipande cha protini ambayo kimelea huitoa akiwa ndani ya ini. Hill huyohuyo baadaye akaongoza kazi ya R21 kule Oxford. Zaidi ya miaka 30 imepita tangu Afrika ionyeshe njia ya ini kupitia damu ya watoto wake, na bado hatuna orodha kamili ya HLA za watoto wa Geita, Siaya, Apac au Tanganyika ya Kongo.

Tunayo pia historia yetu ya peptidi, na inauma kidogo. SPf66, peptidi iliyotengenezwa maabara na Manuel Patarroyo wa Kolombia, ilijaribiwa katika kijiji cha Idete, Kilombero, kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano. Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba imepunguza malaria kwa asilimia 31, dunia ikashangilia. Majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga, na ya watoto wachanga wa ukanda uleule wa Ifakara nayo yakatoka mikono mitupu. Kisha Kilifi: chanjo ya seli T iliyobeba mlolongo wa vipande vingi pamoja na protini iitwayo TRAP haikuwakinga watoto 405 waliopimwa, matokeo yakachapishwa 2006. Chanjo yenye yaliyomo yaleyale, iliyobebwa na mchanganyiko mwingine wa virusi, ikapunguza maambukizi kwa asilimia 67 kwa wanaume watu wazima wa Kilifi, matokeo yakachapishwa 2015, halafu watoto wa Burkina Faso hawakufaidika nayo.

Wengi husoma historia hiyo na kuhitimisha kwamba njia ya seli T imefungwa. Mimi siisomi hivyo. Katika majaribio hayo ya chanjo za seli T, seli hizo zilihesabiwa kwenye damu, kwa sababu damu ndiyo rahisi kuchota. Hakuna aliyejua kilichokuwa kikiendelea ndani ya ini la mshiriki yeyote. Tulimhesabu polisi wa barabarani kisha tukalaumu kwamba nyumba imeibiwa.

Mtanijibu kwamba chanjo ya mRNA inaondoa tatizo la kuchagua peptidi, kwa kuwa hubeba maelekezo ya protini nzima na mwili hujichagulia vipande vyenyewe. Ni kweli kwa kiasi. Lakini hata protini nzima inaweza isiwe na kipande kinachoshika vizuri juu ya HLA fulani iliyo tele Kilombero, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kuchanja watoto elfu kumi. Zaidi ya hapo, wote tunakumbuka baridi kali iliyotakiwa na baadhi ya chanjo za mRNA wakati wa UVIKO-19. Friji ya zahanati ya kisiwani Ukara haifiki huko. Peptidi iliyofungwa kwenye lipidi hutengenezwa kwa kemia tupu, na kiwanda chake hakihitaji kufuga virusi wala seli. Kwa ukanda wetu ningeomba mlango huo usifungwe mapema kwa sababu tu mRNA ndiyo inayovuta wafadhili.

Kuna tofauti nyingine kati ya panya na sisi ambayo waandishi wa habari, mimi nikiwemo, huipita haraka. Katika ini la panya, seli za NKT zinaweza kufika asilimia 30 ya limfosaiti zote, yaani seli nyeupe za kinga. Katika ini la binadamu ni asilimia moja hivi au pungufu, na watu hutofautiana sana. Je, chache hizo zinatosha kuisukuma seli ya dendriti? Mtoto wa miezi mitano anazo ngapi? Na ini lenyewe likoje? Ukanda wa Ziwa Victoria una kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hukwama kwenye ini na kulikakamaza. Homa ya ini aina ya B imeenea. Panya wa Melbourne hajawahi kuoga ziwani wala kurithi virusi kwa mama yake. Tunajua kwamba dozi kubwa ya mafuta haya inaweza kuliumiza ini la panya, ingawa wagonjwa wa saratani waliopewa mafuta hayo katika majaribio ya awali waliyavumilia. Chanjo inayokusudia kujaza askari ndani ya ini la mtoto wa Ukerewe ipimwe usalama wake kwa kulifikiria ini la Ukerewe.

Kwa hiyo naiomba Kamisheni ianzishe sasa, na isingoje mfadhili aje na wazo hilo, ramani ya HLA ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sampuli nyingi zimo tayari kwenye friza za taasisi zilizoendesha majaribio ya RTS,S na R21. Kinachotakiwa ni kurudi kwa kamati za maadili, na kwa wazazi pale inapobidi, kuomba ruhusa ya matumizi mapya. Pale zisipokuwepo, kama Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, zikusanywe upya. Kila aina ya HLA iliyo tele ipimwe kwa majaribio halisi ni peptidi zipi za falciparum zinazoshika juu yake, na orodha hiyo ndiyo wabunifu wa Wellington wapewe.

Nina sharti moja, na ninyi mlio Bujumbura mtalielewa kuliko mtu mwingine. Ramani hiyo ipangwe kwa mahali, isipangwe kwa kabila. Kwa hesabu za chanjo inatosha kujua kwamba aina fulani ipo kwa asilimia fulani ya watoto wa wilaya fulani. Burundi na Rwanda zimelipa gharama ya damu kwa watu kupangwa katika makundi na wataalamu waliobeba vipimo, na sitaki siku moja nisome mtandaoni kwamba chanjo imetengenezwa kwa ajili ya kabila hili na si lile. Takwimu zenyewe zihifadhiwe ndani ya Jumuiya, chini ya sheria inayotamka nani anaweza kuzitumia na kwa malipo gani.

Kuhusu ini, zipo njia za heshima. Wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu nyingine wanaweza kuombwa kipande kidogo cha tishu, kwa ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Nchi za nje hufanya hivyo kila siku. Hapo tutajua, kwa mara ya kwanza, seli T na NKT za ini la mtu aliyekulia kwenye malaria zinaonekanaje. Kazi hii haihitaji jengo jipya. Inahitaji daktari wa upasuaji, fundi maabara mwenye mashine ya kuhesabia seli, tangi la naitrojeni ya maji na umeme usiokatika, na vyote hivyo vipo Kilifi, Entebbe na Bagamoyo.

Najua mtaniuliza juu ya fedha, wakati vyandarua na R21 havijatosha. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani inasema mwaka 2023 walikufa kwa malaria watu 597,000 duniani, na kati ya nchi nne zilizobeba zaidi ya nusu ya vifo hivyo, mbili ni wanachama wenu: Kongo na Tanzania. Usugu wa sehemu wa vimelea dhidi ya dawa ya artemisinini umethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Sisemi mtu anyimwe chandarua ili tupime HLA. Nasema kwamba bajeti ya ramani hii ni ndogo sana ikilinganishwa na jaribio moja la awamu ya tatu linaloshindwa, na majaribio yanayoshindwa tumeyagharimia kwa watoto wetu, hata pale ambapo hatukutoa senti.

Ninaomba pia muwaandikie Wellington na Melbourne moja kwa moja. Waambieni kwamba ukanda huu unataka kukaa mezani wakati peptidi zinachaguliwa, na kwamba malipo ya orodha yetu ni haki ya kutengeneza chanjo hiyo hapa. Mkiniuliza mimi, watakubali. Mwanakemia anayetafuta peptidi ya kweli kwa binadamu wa kweli hana mahali pengine pa kuipata.

Ningeshukuru kufahamishwa, kupitia ukurasa huuhuu, ni ofisa gani wa Kamisheni atakayelishika faili hili, na kama suala hili linaweza kuingizwa katika ajenda ya kikao kijacho cha mawaziri wa afya.

Wasalaam,

Mwandishi wa habari za sayansi,
Mwanza